Kidani cha Khaibar na Wauguzi wa Nyanda za Juu za Kigoma

Katika mwaka wa 7 Hijria, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipokuwa akijiandaa kutoka Madina kuelekea Khaibar, walimjia wanawake wa kabila la Bani Ghifar wakamwomba ruhusa ya kufuatana na jeshi. Hawakuomba silaha. Walisema kwamba wanataka kuwatibu majeruhi na kuwasaidia Waislamu kwa kadiri ya uwezo wao. Mtume (s.a.w.) aliwakubalia na kuwaombea baraka. Miongoni mwao alikuwamo binti mdogo, ambaye Mtume alimpandisha nyuma yake, juu ya mfuko wa mizigo wa mnyama wake. Waliposhuka alfajiri, binti yule aliona kwa mara ya kwanza maishani mwake dalili ya ada ya wanawake, akajikunyata kwa haya. Mtume (s.a.w.) alitambua yaliyompata. Hakumkaripia wala hakumfedhehesha mbele ya watu; alimwelekeza ajitengeneze, achukue chombo cha maji, atie chumvi ndani yake, aoshe mahali palipopatwa na damu, kisha arejee kwenye kipando chake.

Khaibar ilipofunguliwa, wanawake wale walipewa sehemu ya ngawira. Mtume (s.a.w.) akachukua kidani na kumvisha binti yule shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesimulia habari hii alipokuwa mtu mzima, na kidani kikiwa bado shingoni pake. Hakukivua maisha yake yote, na aliusia kwamba atakapokufa azikwe nacho. Aliendelea pia kutia chumvi katika maji yake ya kujitwaharisha, na akausia chumvi itiwe katika maji atakayooshewa akiwa maiti.

Habari hii imo katika sira ya Ibn Ishaq aliyoihifadhi Ibn Hisham, na imepokewa na Abu Daud na Imam Ahmad. Wapo wanazuoni wa hadithi waliosema kwamba sanadi yake ina udhaifu, na ni wajibu wa mwandishi kulitaja hilo. Lakini wanasira wameisimulia karne baada ya karne, na maana yake inatiwa nguvu na hadithi nyingine zilizo sahihi, ambazo nitazitaja.

Nimeanza na kidani hicho kwa sababu tangu Ramadhani iliyopita kamati ya msikiti wetu hapa Kasulu, pamoja na ndugu zetu wa Kibondo, imekuwa ikijadili pendekezo moja ambalo limewagawa watu wenye nia njema. Pendekezo ni kwamba tufanye baraza, na katika baraza hilo tuwaite wanawake na wanaume waliowauguza majeruhi wa vita na wakimbizi katika wilaya zetu tangu mwaka 1993, tuwape shahada na nishani ndogo ya shaba yenye jina la kila mmoja. Jambo linaonekana dogo. Hata hivyo limechukua vikao vitatu, na mpaka ninapoandika halijaamuliwa.

Mzee wetu mmoja, mtu wa elimu na ibada, amelipinga kwa hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Amesema kwanza kwamba nishani ni desturi ya majeshi na ya wakoloni. Akasema pili kwamba amali ya muuguzi ni baina yake na Mola wake, na kumvisha nishani mbele ya watu ni kumfungulia mlango wa riyaa. Akatukumbusha hadithi ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, ambao amali zao zilikuwa kubwa lakini walizifanya ili wasifiwe, na kwa hiyo wakawa wameshalipwa hapa hapa duniani. Tatu, akasema, paa la madrasa bado halijakamilika.

Hoja ya tatu ni ya kweli na sina jibu nayo; mabati ni mabati. Hizi mbili za kwanza ndizo ninazotaka kuzizungumza.

Tuanze na desturi. Imam Muslim amepokea kwamba Najda, aliyekuwa kiongozi katika Makhawariji, alimwandikia Ibn Abbas (r.a.) akimuuliza mambo matano. Mojawapo lilikuwa hili: je, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka vitani na wanawake, na je, alikuwa akiwawekea fungu katika ngawira? Ibn Abbas alijibu kwamba alikuwa akitoka nao, wakiwatibu majeruhi, na walikuwa wakipewa zawadi kutokana na ngawira. Ama fungu maalumu kama la mpiganaji, hawakuwekewa. Imam al-Awzai alikuwa na rai tofauti kuhusu fungu, na wapo wanahistoria waliosimulia kwamba Bibi Rufaida alipewa fungu kamili siku ya Khaibar. Khitilafu hiyo tuwaachie mafakihi. Linalotuhusu sisi ni lile ambalo pande zote mbili zinaliafiki, yaani kwamba wanawake wale hawakurudishwa majumbani mwao mikono mitupu.

Huyu Bibi Rufaida, wa kabila la Aslam, ndiye aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume mjini Madina. Saad bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume aliamuru apelekwe katika hema hilo ili apate kumtembelea kwa karibu. Wodi ya kwanza ya majeruhi tunayoijua katika Uislamu ilikuwa ndani ya uwanja wa msikiti, na aliyeisimamia alikuwa mwanamke. Leo chuo kikuu cha tiba cha Bahrain kilicho chini ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji cha Ireland hutoa tuzo ya uuguzi yenye jina la Rufaida. Bibi Ummu Atiyya alifuatana na Mtume katika vita saba, akipika, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Bibi Rubayyi binti Muawwidh alisimulia jinsi walivyokuwa wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwarejesha Madina majeruhi na waliouawa. Na siku ya Uhud, Mtume mwenyewe alipojeruhiwa usoni, ni binti yake Bibi Fatima aliyemwosha damu huku Sayyidna Ali akimimina maji, na damu ilipozidi kutoka akachoma kipande cha mkeka, akalibandika jivu lake juu ya jeraha mpaka damu ikakoma.

Lakini hoja ninayoiona kuwa nzito zaidi ni ya Bibi Ummu Salit, nayo imo katika Bukhari. Sayyidna Umar (r.a.), katika ukhalifa wake, aliwagawia wanawake wa Madina nguo za sufi. Ikabaki moja nzuri. Baadhi ya waliokuwapo wakamwambia ampe mkewe, Bibi Ummu Kulthum binti Ali, ambaye alikuwa mjukuu wa Mtume. Umar akakataa. Akasema kwamba Ummu Salit, mwanamke wa Kiansari, anastahiki zaidi, kwa sababu siku ya Uhud alikuwa akiwabebea viriba vya maji. Tuzingatie hesabu ya miaka. Uhud ilikuwa mwaka wa 3 Hijria, na Umar alishika ukhalifa mwaka wa 13. Miaka kumi au zaidi ilikuwa imepita, vita vilikuwa vimekwisha, Mtume alikuwa amekwishafariki, na mama yule hakuja kudai chochote. Kiongozi wa dola alimkumbuka, akamtaja mbele ya watu, akaeleza na sababu. Ikiwa kumkumbuka mhudumu wa vita hadharani ni kumtia katika riyaa, basi Umar, ambaye hakuwa mtu wa kulegea katika mambo ya dini, angekuwa wa kwanza kujizuia.

Riyaa imo moyoni mwa mtendaji. Haimo mkononi mwa anayeshukuru. Hatari ninayoiona kwetu ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba wauguzi wetu wamefichika kiasi ambacho hata watoto wao wa kuwazaa hawajui walifanya nini.

Kuhusu nishani kuwa desturi ya wakoloni, historia ina kichekesho chake. Katika vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853, Waingereza na Wafaransa walipigana upande mmoja na dola ya Uthmaniyya dhidi ya Warusi. Majeruhi wa Kiingereza walilazwa katika kambi ya Selimiye huko Uskudar, upande wa Asia wa mji wa Istanbul, jengo walilopewa na Waturuki. Hapo ndipo alipofika Florence Nightingale mnamo Novemba 1854 na wanawake 38, akakuta askari wanakufa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Habari zake zinajulikana. Isiyojulikana sana ni kwamba miongoni mwa waliomtunuku ni Sultan Abdulmecid, khalifa wa Waislamu wa zama hizo, aliyemtumia bangili ya almasi. Uingereza ilianzisha nishani yake maalumu ya wauguzi wa vita, ile ya Msalaba Mwekundu wa Kifalme, mwaka 1883. Waturuki walikuwa wamewatangulia. Mwaka 1878, baada ya vita vyao na Warusi, Sultan Abdulhamid wa Pili alianzisha Nishani ya Shafaka, yaani ya huruma, iliyotolewa kwa wanawake waliowatumikia watu katika vita na maafa. Ni katika vita hivyo hivyo Waturuki walipoanza kutumia hilali nyekundu mahali pa msalaba juu ya mahema ya majeruhi, na mwaka 1929 alama hiyo ikakubaliwa rasmi na mataifa.

Aidha, kwa wale wanaodhani kwamba wenzetu huwakumbuka watu wao wakati wote, wasome habari za Mary Seacole, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika kutoka Jamaika, aliyekwenda Crimea kwa gharama zake mwenyewe baada ya kukataliwa kujiunga na wauguzi waliotumwa na serikali. Alikufa mwaka 1881. Nchi yake ilimpa nishani zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, na sanamu yake mjini London ikasimamishwa mwaka 2016.

Sasa nirejee nyumbani.

Wilaya za Kasulu na Kibondo ziko juu, kwenye ardhi ya migomba, maharage na mihogo, ambako asubuhi ya mwezi wa Juni mtu hutoka na koti. Upande wa magharibi ni Burundi. Mto Malagarasi na vilima havikuwahi kuzuia lugha: Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Jambo hili wageni waliokuja na magari meupe walichelewa kulitambua thamani yake. Mtu aliyepigwa risasi, aliyetembea usiku tatu msituni, akifikishwa mbele ya daktari wa kigeni huulizwa maswali kupitia watu wawili. Akifikishwa mbele ya mhudumu wa Kiha huulizwa kwa lugha ya mama yake ni wapi panapouma. Sehemu ya tiba ilikuwa hapo.

Vita havikuanza kutufikia jana. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Rwanda na Burundi yaliingia nchi ya Buha, yakautwaa mji wa Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba. Nyuma ya kila jeshi, la Mbelgiji, la Mwingereza na la Mjerumani, walikuwapo wapagazi, na miongoni mwa mizigo waliyobeba ilikuwa machela zenye watu. Nishani za vita hivyo zilitolewa kwa wingi Ulaya. Majina ya wabeba machela wa Buha hatunayo.

Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji, wengi wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka mipaka. Kibondo ikapata makambi ya Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa kwa nyakati mbalimbali. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovosi, na mwezi Novemba 1996 Nyarugusu, kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Wakongo wale walikuwa wakikimbia vita ambavyo mwanzoni mwake, Oktoba 1996, hospitali ya Lemera katika Kivu Kusini ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi wao. Daktari aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo, Denis Mukwege, alinusurika, akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wauguzi wa Lemera walizikwa.

Kazi ya makambini ilikuwa na sura yake. Mapokezini mtoto alipimwa uzito, akazungushiwa utepe mkononi ili ijulikane kama ana utapiamlo, akachanjwa surua. Mjamzito aliyejifungulia njiani aliletwa na kitovu cha mtoto kimefungwa kwa uzi wa khanga. Majeruhi walitenganishwa: wa kushonwa hapo hapo, wa kupelekwa hospitali ya wilaya Kibondo au Kabanga, na wale ambao waliohitajika zaidi kwao walikuwa watu wa kuwashika mkono na kuwatamkia shahada au sala ya dini yao. Walioajiriwa walikuwa wachache. Wengi walikuwa wahudumu wa kujitolea, wengine wao ni wakimbizi, waliokuwa wauguzi kamili makwao Burundi na Kongo lakini hapa wakipokea posho tu.

Mama mmoja wa Kasulu, sasa ni bibi wa wajukuu tisa, alinionyesha bahasha ya kaki yenye kitambulisho chake cha kazi cha miaka ya tisini. Picha imefifia, lakini mtandio aliovaa unaonekana. Alinieleza kwamba kazi ngumu kuliko zote haikuwa damu. Ilikuwa ni zamu ya usiku, kwa sababu jirani walisema maneno. Mumewe, ambaye Mwenyezi Mungu amrehemu, alimsindikiza mpaka kwenye gari la wafanyakazi kila jioni, kisha akarudi kuwapikia watoto. Nilipomuuliza kama aliwahi kupewa chochote cha kumshukuru, alicheka, akasema alipewa sabuni. (Nadhani nishani ikipatikana, mume huyo naye alistahiki nusu yake.)

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwezi Aprili ilitangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza atagombea muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka, na mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu wakajikuta wamebanwa Kagunga, kijiji cha pwani ya ziwa kilichozungukwa na milima mikali. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. Meli ya Liemba ikaanza kuwabeba kuwaleta Kigoma. Ni kejeli ya historia kwamba meli hiyo Wajerumani waliitumia kama chombo cha vita: waliizindua Kigoma mwaka 1915 kwa jina la von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Na karne moja baada ya kuzinduliwa ikawa inabeba akina mama wenye dripu mikononi.

Kagunga kukazuka kipindupindu. Kufikia mwishoni mwa Mei wagonjwa walikuwa wapatao 3,000 na waliofariki walikuwa zaidi ya 30. Naomba msomaji azitazame takwimu hizi kwa utulivu. Kipindupindu kisipotibiwa huweza kuua nusu ya wanaougua ugonjwa mkali. Hapa alikufa takriban mmoja katika kila mia, na hapo pahala hapakuwa na barabara, vyoo wala maji safi ya kutosha. Tofauti baina ya mmoja na hamsini ni kazi ya mikono: kuchanganya maji, chumvi na sukari, kutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka, kumwaga ndoo iliyo chini ya kitanda chenye tundu, kunyunyizia klorini, kuirudisha, na kuimwaga tena. Chumvi na maji, kama alivyofundishwa binti wa Bani Ghifar kwa haja nyingine. Wengi wa waliookolewa walifikishwa Nyarugusu, na ilipojaa, Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba 2015 na Mtendeli Januari 2016.

Si kwamba heshima za dunia hazijafika karibu nasi. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kwa ukarimu wa nchi hii. Mwaka 2005 tuzo hiyo hiyo ilikwenda kwa Bi. Marguerite Barankitse wa Ruyigi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kibondo, aliyeokoa watoto katika mauaji ya Oktoba 1993, akawajengea makao, na baadaye akafungua hospitali mjini humo. Madaktari Wasio na Mipaka, ambao walikuja kuendesha hospitali ya Nduta, walikuwa na Nobel tangu mwaka 1999. Heshima imezunguka vilima vyetu pande zote. Katika wauguzi na wahudumu wa Kasulu na Kibondo niliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliye na kipande cha chuma.

Nishani kubwa kuliko zote ya uuguzi wa vita na maafa ni ile ya Florence Nightingale, iliyowekwa na harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu mwaka 1912 na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Hutolewa kila baada ya miaka miwili, kwa watu wasiozidi 50 duniani kote, wauguzi pamoja na wahudumu wa kujitolea. Inafaa tujue utaratibu wake. Kamati ya Geneva haimtafuti mtu kijijini. Chama cha taifa ndicho kinachopendekeza jina, na kwetu ni Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962 na ambacho kwa miaka mingi kimeendesha huduma za afya Nyarugusu. Pendekezo huenda na maelezo: mtu huyu alifanya nini, wapi, lini, katika hatari gani, na nani alishuhudia. Na kuna sharti moja linalonikosesha usingizi. Aliyekufa hawezi kupewa nishani hiyo isipokuwa awe amefia kazini. Muuguzi aliyestaafu akafa nyumbani kwake, faili lake limefungwa.

Orodha tuliyoanza nayo Kasulu ilikuwa na majina 14. Mwezi wa Rajabu tulimzika mmoja wao, na yamebaki 13.

Limeulizwa pia swali kama baraza la msikiti liwataje wauguzi wasio Waislamu, maana hospitali ya Kabanga ni ya Kanisa Katoliki, na wengi waliosimama zamu na mama zetu walivaa misalaba shingoni. Rai yangu ni kwamba watajwe. Mut'im bin Adi alikufa akiwa mshirikina, lakini alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) himaya aliporejea Makka kutoka Taif. Baada ya Badr, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake. Huo ni ukumbusho wa hisani kwa mtu aliyekwisha kufa, tena katika siku ya ushindi. Sioni vipi sisi tuogope kulisoma jina la mtawa aliyemzalisha binti wa Kiislamu chini ya turubai.

Kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu nina neno la ziada. Kila mwaka mabinti wetu hufaulu masomo ya sayansi, na kila mwaka baadhi ya baba hukataa fomu za chuo cha uuguzi kwa kuhofia mavazi, zamu za usiku na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Hofu hizo zina msingi, na zipo kanuni za sharia za kuzijibu: stara, kuaminika kwa njia, mtu wa kumsindikiza, na uongozi wa hospitali unaokubali mtandio. Zizungumzwe moja moja kabla fomu haijarudishwa tupu. Baba anayekataa fomu ajue pia kwamba siku mkewe atakaposhikwa na uchungu usiku, atataka aliyemhudumia awe mwanamke, tena Mwislamu kama yupo. Bila shaka Bani Ghifar nao walikuwa na baba zao.

Kikao cha nne cha kamati kimepangwa baada ya sala ya Ijumaa, juma la kwanza la mwezi ujao. Kabla ya hapo, nishani iwepo au isiwepo, tumeafikiana wote, na mzee wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono, kwamba majina yaandikwe. Kila anayemjua muuguzi, mkunga, mhudumu wa wodi, mchota maji au dereva wa gari la wagonjwa aliyetumika Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu, Kanembwa, Karago, Mkugwa, Nduta, Mtendeli au Kagunga alete jina kamili, miaka aliyotumika, kazi yake, na jina la mtu mmoja aliyemwona akiifanya. Wakimbizi waliorejea kwao waandikwe pia, hata kama linalokumbukwa ni jina la kwanza tu na kijiji alichotoka. Kasulu daftari liko kwangu, ofisi ya msikiti, kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Kibondo liko kwa mwalimu wa madrasa ya akina mama, ambaye huwapokea watu Jumamosi asubuhi. Lake limekwishajaa kurasa mbili. Langu bado ni ukurasa mmoja na nusu.